Kunde ya Porini Nyuma ya Jiko la Mariam Poni

Dadamu, Arua
11 Februari 2024

Mwanangu Ritah,

Mama yako niko mzima, sijaumwa hata mafua, na kuku wote wanakusalimia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa Kiswahili kile cha kambi ya jeshi alichotuachia marehemu baba yako. Wenzangu hapa wanatuma ujumbe wa simu wa maneno mawili. Mimi nimefika darasa la tano, nina maneno. Halafu simu ya huko kwenu anaishika mama mkwe wako, na kila nikipiga anaweka spika, nasikia mpaka mbuzi wa Abuku wananijibu. Barua ni yako peke yako. Sule anapeleka abiria Koboko karibu kila siku, nimemwambia akupe mkononi.

Juzi baada ya misa Jovia wa kwaya alianza kumsifu binti yake aliyeolewa Arua mjini, eti ana friji. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, friji inaungua siku moja, lakini binti yangu mimi alipandwa! Nikawapa tena hadithi ya siku tuliyokupeleka kwa wakwe: namna nilivyobeba mzizi wa kunde ya porini kutoka hapa Dadamu, umeviringishwa kwenye jani la mgomba, nikachimba nyuma ya jiko la mama mkwe wako Mariam Poni mbele ya wazee wote na wanajeshi wastaafu, nikapaza sauti: "Mmea huu ukiwa hai hapa, binti yangu harudi Dadamu!" Vigelegele vile vilisikika Sudani. Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Yalikuja tu mdomoni. Na wakwe zako walivyoyapokea! Hakim mwenyewe, ami yake mume wako, alisimama akavua kofia.

Wiki iliyopita nilikuwa Vurra kuuza simsim, nikamwona mume wako Yugu pale mpakani kwenye malori. Kazi ni nyingi sana. Anakusalimia, anasema hakawii kurudi.

Mmea unaendeleaje? Moto wa kiangazi ukipita juu yake usiogope. Ukiungua ndipo unapopata akili.

Mama yako anayetembea kifua mbele,
Ayikoru

*

Abuku, Koboko
3 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimepata. Huku tuko salama, mama mkwe hajambo.

Nina swali la kilimo. Kunde ya porini mtu akitaka kuiondoa kabisa shambani, anafanyaje? Si mimi. Ni jirani yetu Rashida, imemwingilia kwenye karanga. Ameikata, imerudi. Mbuzi wamekula majani yote, imerudi. Anauliza kama kuna dawa, au kama wewe uliwahi kuona imekufa mahali.

Usiwaambie watu sana habari zangu, mama. Si lazima kila Jumapili.

Binti yako,
Ritah

*

Dadamu
17 Machi 2024

Mwanangu,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Eti dawa! Mwambie huyo Rashida asijisumbue. Nimelima tangu sijaota meno ya utu uzima na sijaona kunde ya porini imekufa. Juu unaona kijani kidogo kinajisokota kwenye nyasi na ua la zambarau lililopinda kama sikio. Lakini chini! Chini kuna mtu mzima. Unakata kichwa, anatoa kichwa kingine.

Bibi yangu alinisimulia kwamba mwaka wa njaa watu walichoma nyasi makusudi, wakangoja. Mahali lilipochomoza jani la kwanza, ndipo walipochimba. Walisema yule ni mwanamke aliyekataa kuondoka nyumbani watu walipokimbia, akajificha ardhini, na ua ni sikio lake anasikiliza kama wamerudi. Ndiyo maana mtoto akichimba mzizi wa kwanza anabisha hodi kwanza. Wewe ulikuwa unabisha hodi kwa sauti kubwa kuliko watoto wote wa Dadamu, nilikuwa naona fahari.

Sasa nisikie, maana wengi wanakosea. Usipande bondeni kwenye maji, mzizi unaoza. Fanya tuta. Simika fito mmea utambae. Maua yakizidi, punguza, nguvu ishuke chini. Ukichimba usichimbe karibu na shina kama mwizi, anza mbali, zunguka. Ganda linabanduka lenyewe, ndani mweupe. Wavulana wanautafuna mbichi. Mimi nauchoma kwenye jivu moto, kisha simsim iliyosagwa, chumvi kidogo. Kuna bibi mmoja wa kilimo alipita hapa kupiga picha matuta yangu. Nikasimama katikati ya picha.

Basi mwambie Rashida ashukuru. Na wewe uuangalie wako vizuri, ule ndio jina langu huko Koboko.

Mama yako,
Ayikoru

*

Abuku
21 Aprili 2024

Mama,

Rashida hana kunde kwenye karanga zake. Ni mimi.

Nimemwagia maji ya moto. Nimemwagia chumvi. Umechipua upande wa pili wa jiko, na mwingine karibu na mlango wa chumba changu. Mama mkwe ameuzungushia miiba mbuzi wasiuguse. Kila asubuhi ananiita kabla sijanawa uso, ananipeleka nyuma ya jiko, anaonyesha kwa fimbo: "Bado iko. Mama yako alisema mwenyewe." Kisha tunarudi, nawasha moto.

Niliomba nije Pasaka. Wakaitana. Ami Hakim akasema sisi watu wa Koboko hatuvunji mila za wenzetu. Walugbara walimpanda msichana wao hapa, akitoka mmea ukiwa hai, balaa lolote litakaloingia boma hili liko juu ya mama yake. Sule amekatazwa kunipakia. Anachukua barua tu. Wazee wale wanaiheshimu mila yako kuliko wewe mwenyewe.

Na hata nikitoroka kwa miguu, nafikia wapi? Dadamu yote umeshaiambia kwamba sirudi.

Mama, mila hii ni ya nani? Bibi hakuwahi kuitaja. Shangazi zangu wote wameolewa na hakuna aliyepandwa.

Ritah

*

Dadamu
5 Mei 2024

Mwanangu Ritah,

Hayo ni maneno ya uchovu. Mwanamke yeyote mvua zikianza anachoka. Mila ni mila, usiulize ya nani, inaweza kuwa imeanza na mtu mmoja mwenye busara.

Unataka niende kwa Hakim nikasemeje? Nilisimama pale mbele ya watu wazima! Wewe tulia. Mume wako yuko mbioni kuja, jana tu nilikuwa Vurra nikamwona, amenenepa, uso unang'aa, amenunua mabati ya nyumba yenu. Ameniambia kwa kinywa chake, "Mama, mwambie Ritah anisubiri." Maneno kama hayo Jovia hajawahi kuyapata kwa mkwe wake.

Nakutumia simsim kidogo na kitenge. Vaa, wakuone.

Mama yako,
Ayikoru

*

Abuku
2 Juni 2024

Mama,

Ulipomwona Yugu hiyo jana yako, yule mtoto alikuwa mgongoni kwa mwanamke au Yugu alikuwa amembeba mwenyewe?

Sule ananiambia hubadilishana. Wanakaa Aru, upande wa Kongo, wanavuka Vurra siku za soko, na mwanamke anauza mafuta ya mawese pale karibu kabisa na unapouzia simsim. Hukuweza kutomwona. Anaweza kuwa alinunua kwako.

Najua tangu Krismasi. Sikukuambia kwa sababu niliona utakavyopita kanisani umeinamisha kichwa, na mimi sijawahi kukuona umeinamisha kichwa, sikutaka niwe wa kwanza. Wewe hukuniambia, nadhani kwa sababu hiyohiyo. Mariam Poni anajua, nimemsikia akimsomea Yugu Fatiha kama maiti. Basi sisi wanawake wote tunajua, na kila mmoja anamfichia mwenzake, na katikati yetu liko ua linasikiliza.

Sitaki friji, sitaki mabati. Nataka niamke asubuhi mahali ambapo hakuna mtu anayenipeleka nyuma ya jiko.

Usinifundishe tena kulima, mama. Nifundishe kutoka.

Ritah

*

Dadamu
30 Juni 2024

Kwa mkwe wangu Mariam Poni, mama Yugu,

Salamu nyingi kutoka kwa Ayikoru, binti wa Amandu, mjane wa koplo, mama wa Ritah. Ningeweza kupiga simu, lakini jambo la mila haliendi kwa spika.

Unakumbuka mmea niliopanda kwako. Siku ile kulikuwa na ngoma na kelele, sikuwaeleza sehemu ya pili ya mila yetu, nayo ndiyo kubwa. Ni hivi. Mama aliyepanda, na yeye peke yake, baada ya miaka kadhaa anarudi na jembe lake, anachimba ule mzizi, anaupika kwa jivu na simsim, na watu wote wa boma wanakula. Wakishakula, msichana anafungwa kitenge kipya anakwenda kwao kukaa apendavyo. Wa zamani walifanya hivyo tangu na tangu. Kuna na nyimbo. Nyimbo ni ndefu, nitaziimba nikifika.

Boma lililokula mzizi huo hupata sifa mpaka Yei. Sitaki mkose sifa hiyo kwa sababu ya usahaulifu wangu.

Naomba siku.

Mkwe wako,
Ayikoru

*

Abuku
9 Julai 2024

Mkwe wangu Ayikoru,

Salaam. Barua yako imefika, nimeisoma peke yangu.

Marehemu mume wangu alikaa kambi moja na Walugbara. Nimepika nao, na nilipomzaa Yugu aliyenishika mgongo alikuwa Mlugbara. Mila ya kumpanda bibi harusi sijaisikia kwa yeyote. Siku ile ulipofungua mdomo nilijua unaitunga palepale, maana ulikuwa unatazama juu kama mtu aliyesahau wimbo. Nikanyamaza. Niliona tu mwanamke anayempenda mtoto wake ovyo.

Kisha mwanangu akaondoka. Usifikiri ni wewe peke yako una macho Vurra. Boma hili limebaki na mimi na Ritah. Siku Ritah akitoka, shemeji zangu watasema mama mzee hakai peke yake. Watanihamishia nyuma ya jiko la mmojawao na hapa watalima muhogo mpaka mlangoni pangu. Basi kila asubuhi nampeleka akaone mmea. Kamba ulisuka wewe. Mimi nimeishika tu, na mkono unaniuma.

Mila yako ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, umeendelea. Lakini Hakim na wazee wameamini ya kwanza, na siwezi kusimama leo niseme nilijua ni uongo. Nimewafikishia ombi lako. Wamekubali kwa sharti lao: mzizi utoke mzima. Ukikatika, ncha ikabaki ardhini, mmea uko hai na Ritah anabaki.

Mvua zimekatika huku, udongo umekuwa jiwe. Njoo na jembe lako. Nyimbo acha.

Mariam Poni

*

Abuku, Koboko
11 Agosti 2024

Mwanangu Ritah,

Natumaini ulifika Dadamu salama na kuku umewakuta. Yule jogoo mwekundu ana dharau, usimchekee.

Wewe ulikuwa chumbani unafunga nguo zako kwenye shuka, ukasikia tu unaitwa uingie garini, hukuona yote. Na Sule hajui kusimulia. Acha nikupe mwenyewe niliyekuwepo.

Hakim na wazee walikaa kwenye viti vya plastiki kama mahakama. Nilianza mbali, nikazunguka, kama ninavyofundisha. Nilichimba kwa jembe, kisha kwa panga, kisha kwa vidole. Mtu alileta maji tukalainisha udongo. Mzizi ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono wako, mwanangu, sijaona mzizi kama ule na nitausema popote. Ukashuka, ukashuka, halafu ukapinda kwenda chini ya ukuta wa jiko. Nikaulaza ubavu wangu pale chini, nikauvuta polepole, nazungumza nao kama mkunga. Wewe njoo, njoo mama, njoo.

Ukakatika. Tap! Kila mtu alisikia.

Hakim akasema, "Basi, mama." Mariam Poni akachukua kile kipande, akakigeuza, akasema, "Ncha imebaki." Na hakusema kwa furaha. Lazima niseme haki yake.

Nikakaa palepale kwenye udongo, na kitenge changu cha kanisani. Nikasema: "Wazee, mmea ulipandwa kwa mkono gani? Huu. Maneno yalitoka kwa mdomo gani? Huu. Yule msichana hakupanda wala hakusema kitu, alikuwa amefunikwa shela. Kama lazima mtu akae na mmea huu, mkamateni aliyepanda. Nakaa mimi."

Hakim akanitazama. "Mama, hiyo nayo ni mila ya Kilugbara?"

Nikamwambia, "Hapana. Hiyo ni mimi."

Kabla mzee yeyote hajapumua, Mariam Poni akagonga fimbo chini: "Mimi mwenye jiko nimekubali. Sule, washa gari."

Hivyo ndivyo ulivyotoka, mwanangu.

Kile kipande tulikichoma kwenye jivu. Wazee walikula wote, wakalamba vidole. Mariam Poni akasema chumvi iko kidogo. Anakoroma, anasali kwa sauti, na anadai mimi ndiye ninayesema sana. Asubuhi tukishaamka ananiita nyuma ya jiko, anaonyesha kwa fimbo: "Bado iko." Umechipua kweli, majani mazuri sana, siwezi kuusema vibaya.

Sitakuficha. Nimefungwa. Nikifika njiani napigiwa salamu na kuulizwa naelekea wapi. Jumapili nasimama nyuma ya nyumba naimba sauti yangu ya pili ya kwaya peke yangu, na sauti ya pili bila ya kwanza ni kitu cha kusikitisha. Mariam Poni jana alikuja akakaa karibu, akasema niendelee, eti kuku wake wanataga wakisikia. Akikaa hivyo namwona anavyoogopa kubaki peke yake. Kwa hiyo nikitaka kukasirika nashindwa, na hiyo nayo ni kamba.

Sasa kuhusu watu wa Dadamu. Usiwaambie nimewekwa rehani kama pikipiki. Sema nimeitwa Koboko kufundisha wakulima. Au sema mkuu wa wilaya ameniomba. Au sema natangazwa kwenye redio. Chagua iliyo kubwa. Na habari ya Yugu usiiguse kabisa.

Mama yako,
Ayikoru

*

Dadamu, Arua
1 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, gari la Sule liliharibika njiani. Ilipofika nilikuwa nimeshawaambia.

Jumapili ya kwanza nilijificha. Ya pili nikaenda, nikakaa nyuma. Misa ilipokwisha Jovia akanikamata mlangoni na kwaya yote iko nyuma yake. "Ee, mmea umekufa? Tuliambiwa wewe hurudi. Na mama yako, yule mkubwa wa maneno, yuko wapi?" Mama, nilikuwa na nafasi nzuri ya kudanganya. Uliyonifundisha yote tangu utotoni nilikuwa nayo kichwani.

Nikasema, Yugu ameoa mwanamke mwingine, wanakaa Aru. Mimi nilizuiwa Abuku kwa sababu ya maneno ya mama siku ya harusi. Mama alikwenda kunichimba, mzizi ukamkatikia mikononi. Akakaa chini akasema wamchukue yeye, na wakamchukua. Yuko nyuma ya jiko la Mariam Poni, anaimba sauti ya pili peke yake. Hayo nilielezwa na Sule.

Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mke wa Okuonzi, alianza kunung'unika kwamba haya ni yaleyale ya Ayikoru, akibanwa anatunga. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nilidhani imekwisha, nikachukua mwamvuli wangu.

Jovia akanishika mkono. "Ritah, haya maneno mama yako ndiye aliyekuambia uyaseme?"

Nikamwambia hapana, mama hajaniambia niseme chochote, na namjua, akiandika ataniambia niseme mengine makubwa.

"Basi ni kweli," akasema Jovia. Akavua viatu vyake vya kanisani, akavitia kwenye mkoba, akawageukia wenzake. "Nani ana jembe refu la kufikia mzizi uliobaki? Na nani anajua gari la Koboko linatoka saa ngapi?"

Wanapanda gari leo asubuhi, kwaya nzima, na majembe. Barua hii nampa Jovia. Ukiwa unaisoma, mama, inuka ufungue lango.

Ritah